Mzazi anapoacha usukani: permi, kitambulisho na heshima yake



Katika parokia zetu za mashariki wako wazee waliomaliza miaka thelathini au arobaini nyuma ya usukani. Wengine walibeba kahawa na mbao kwenye njia ya Kisangani kwenda Beni na Butembo, wakilala Bafwasende au Komanda wakati matope yalipokataa kuachia magurudumu. Wengine walikuwa madereva wa misheni, wa hospitali au wa kiwanda. Wengine hawakuwahi kuwa na motokari, ila pikipiki moja tu iliyosomesha watoto wote wa nyumba. Leo macho yao yamepungua, magoti yamelegea, na watoto wanaulizana kwa sauti ya chini: nani atamwambia baba aache kuendesha?

Sisi wachungaji huitwa mara nyingi kusaidia katika mazungumzo hayo. Hapa Kapalata tumeona kwamba swali hilo huja na swali lingine ambalo jamaa wengi hawalikumbuki: baba akiacha permi yake, atajulikana kwa karatasi gani? Kwa wazee wengi permi ndiyo karatasi pekee yenye picha yao ambayo haijapotea. Wameionyesha kwenye kizuizi cha polisi, benki, hospitali, na kwenye duka la kununua namba ya simu. Siku watoto wanapoichukua, au inapomalizika bila kufanywa upya, mzee hapotezi ruhusa ya kuendesha peke yake. Anaweza kubaki mtu asiye na karatasi katika nchi yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunataka kueleza jambo hili hatua kwa hatua, ili kila jamaa lijue la kufanya kabla shida haijafika.

Karatasi mbili, kazi mbili

Permi ya kuendesha inasema neno moja: mtu huyu aliruhusiwa kuendesha aina fulani ya chombo. Msingi wa sheria za barabara katika nchi yetu ni sheria ya tarehe 30 Agosti 1978, na permi za siku hizi hutolewa na CONADEP, tume iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Permi ina picha na jina, lakini haikutengenezwa ili kushuhudia uraia wa mtu, wala wazazi wake, wala mahali anapokaa.

Kitambulisho kinasema neno lingine: mtu huyu ni nani, alizaliwa wapi, ni mtoto wa nani. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda raia hupewa kitambulisho cha taifa ambacho hakina uhusiano na kuendesha. Mzee wa Nairobi au wa Kigali akiacha motokari leo, kesho bado ana kadi yake mfukoni.

Ndugu zetu wengi waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanatueleza jambo la huko. Marekani watu wamezoea kujitambulisha kwa permi, kama wazee wetu. Kwa sababu hiyo kila jimbo hutoa pia kadi ya utambulisho kwa yule asiyeendesha. Kwa kawaida ofisi ni ileile: mzee anarudisha permi, anapigwa picha, anapata kadi inayofanana na ile ya zamani kwa ukubwa na kwa sura, isipokuwa haimruhusu kuendesha. Katika jimbo la California mtu wa miaka 62 na zaidi haombwi malipo kwa kadi hiyo. Maana yake ni kwamba wale waliotunga utaratibu walimfikiria mzee anayeacha usukani, wakamwekea mlango wa kutokea bila aibu.

Nchini mwetu hakuna dirisha moja la namna hiyo. Permi iko upande mmoja, kitambulisho upande mwingine, na katikati yake jamaa ndilo linalopaswa kujenga daraja.

Kwa nini wazee wetu wanashikilia permi

Kijana anaweza kudhani kwamba baba ni mkaidi tu. Lakini tuikumbuke historia. Vitambulisho vya wakati wa Zaïre viliisha thamani, na sensa ya mwisho ya watu katika nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Tangu mwaka 2005, kadi ya mchaguzi ndiyo imekuwa ikishika nafasi ya kitambulisho cha muda. Watu waliandikishwa mwaka ule, halafu kabla ya uchaguzi wa 2011, halafu tena kuanzia 2016, na mara ya mwisho kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Tarehe 30 Juni 2023, huko Kinshasa, Rais wa Jamhuri alipokea kadi ya kwanza ya kitambulisho cha taifa, kazi iliyokabidhiwa ofisi inayoitwa ONIP. Lakini kadi ile haikufika mikononi mwa raia wengi, na huku kwetu watu wameendelea kuonyesha kadi ya mchaguzi.

Sasa fikirini mzee aliyekuwa mgonjwa kitandani mwanzoni mwa mwaka 2023, wakati Tshopo ilipokuwa ikiandikishwa. Hakuweza kusimama kwenye mstari mrefu tangu alfajiri. Kadi aliyonayo ni ya zamani, au haipo kabisa. Kwake permi si kiburi. Ndiyo karatasi iliyobaki.

Na sisi wa Kisangani tunajua jinsi karatasi zinavyopotea. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, na mabomu yaliangukia nyumba za watu. Familia nyingi zilitoka mbio zikiwa na watoto mgongoni, si na masanduku ya karatasi. Vyeti vya ndoa, vya ubatizo, vya shule na vya kazi viliungua pamoja na nyumba. Dereva aliyekuwa na permi mfukoni alitoka nayo. Ndiyo sababu mzee anaishika kama mtu anayeshika mkono wa rafiki.

Vita hiyohiyo inaonyesha pia hasara ya kukosa kitambulisho. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Serikali iliunda mfuko wa FRIVAO wa kuwafikia waathirika, na makao yake yako hapa Kisangani. Mtu anayesimama kudai haki ya namna hiyo lazima aweze kuonyesha kwamba yeye ndiye yule aliyeandikwa kwenye orodha. Jina likitofautiana, au karatasi ikikosekana, mwenye haki anabaki nje akiangalia mstari. Ndivyo ilivyo pia kwa urithi wa kiwanja, kwa pensheni ya CNSS, na kwa pesa ambazo mtoto aliye mbali anatuma kwa simu.

Usukani unaweza kuachwa leo. Permi isitupwe leo

Hapa ndipo jamaa nyingi zinachanganya mambo mawili. Kama mzee ni hatari barabarani, aache kuendesha leo, bila kungoja karatasi yoyote. Barabara zetu zina watoto wa shule, wamama wenye mizigo kichwani, matoleka na pikipiki zinazotoka kila upande. Amri ya kutoua inamlinda mtoto wa jirani anayevuka barabara, na hakuna heshima kwa mzazi inayoweza kulipwa kwa damu ya mtoto huyo.

Lakini kuacha kuendesha si kuacha permi. Mzee aendelee kuitunza hadi awe na karatasi nyingine mkononi, na hata baada ya hapo asiitupe. Permi ya zamani ina picha, tarehe ya kuzaliwa na namba. Siku ofisi itakapouliza ushahidi kwamba mtu huyu ni yuleyule, karatasi ile itasema kitu. Jambo moja tu tunalikataza kwa nguvu: permi ya baba isiazimwe wala kuuzwa kwa kijana anayefanana naye. Huo ni uongo ulioandikwa, na mzee ndiye atakayeitwa kujibu.

Hizi ndizo hatua tunazowashauri wakristo wetu kufuata:

1. Kusanyeni kila karatasi iliyomo nyumbani, hata iliyopasuka: kadi za mchaguzi za zamani, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, barua ya kazi, kitabu cha hospitali, permi. Pigeni fotokopi zote kabla ya kupeleka hata moja ofisini. Ile ya asili isiachwe kwa mtu bila risiti.

2. Angalieni kama mzee aliandikishwa mwaka 2023. Kama aliandikishwa na kadi imepotea, mwende kwanza komini kuomba karatasi ya kushuhudia kupotea, ile inayoitwa *attestation de perte de pièces*, halafu mwende ofisi ya CENI kuuliza kuhusu nakala ya pili.

3. Kama hakuandikishwa, hawezi kubuniwa kadi. Atangoje uandikishaji unaofuata, na jamaa lijipange sasa kumbeba siku hiyo. Wakati wa kungoja, mwanzieni kwa shefu wa kartie, halafu kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini yenu, mkaombe karatasi za kuzaliwa na za makao. Karatasi hizo huwa na muda mfupi, kwa hiyo muulize zitaisha lini na muandike tarehe hiyo mahali pa kuonekana.

4. Kama kuzaliwa kwake hakukuandikwa kamwe, jambo la kawaida kwa watu waliozaliwa kijijini, ofisi ya hali ya raia itawaelekeza mahakamani kupata hukumu inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, *jugement supplétif*. Inachukua siku na franka, lakini ikishapatikana inafungua milango mingine yote.

5. Lipeni dirishani tu, na muombe risiti. Komisionere anayesimama nje na kusema atamaliza yote kabla ya jioni mara nyingi anauza karatasi ambayo itakataliwa kesho.

6. Angalieni namba ya simu ya mzee imeandikishwa kwa jina la nani. Wazee wengi wanatumia namba iliyoandikishwa kwa jina la mjukuu. Mjukuu akisafiri, au wakigombana, pesa zilizomo ndani zinakuwa shida. Akipata kitambulisho, namba iandikishwe kwa jina lake mwenyewe.

7. Motokari au pikipiki inabaki mali yake. Kuwa mwenye chombo hakuhitaji permi. Kuendesha ndiko kunahitaji. Mtoto mwenye permi halali anaweza kuendesha, na baba akakaa kando yake akiwa bado mwenye motokari. Jambo hili dogo linatuliza mioyo ya wazee wengi.

Majina na miaka visivyokubaliana

Mtakapoweka karatasi zote juu ya meza, mtaona kwamba mzee mmoja anaonekana kama watu watatu. Msishangae, wala msimshitaki kwa uongo. Nchi yenyewe ilibadilisha majina mara nyingi.

Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1948 alizaliwa Stanleyville, kwa sababu mji uliitwa Kisangani kuanzia mwaka 1966 tu. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudia uhalisi, majina ya ubatizo yaliondolewa kwenye karatasi za serikali na watu wakachukua jina la pili la ukoo. Baada ya 1990 wengi walirudisha jina la ubatizo. Kwa hiyo permi ya mwaka 1980 haina Pierre wala Marie, na kadi ya mchaguzi ya 2011 inalo. Mkoa nao ulikuwa Orientale, ukawa Haut-Zaïre, ukarudi kuwa Orientale, na mwaka 2015 ukagawanywa hata tukapata Tshopo. Juu ya hayo, karani mmoja aliandika jina kwa herufi ya R, mwingine kwa L. Na mahali pa mwaka wa kuzaliwa waliandika tu *vers* 1948, maana yake karibu na mwaka huo, kwa sababu mama alikumbuka mavuno na si kalenda.

Karani kijana hakuishi nyakati hizo. Anaona majina matatu na anafikiri ni udanganyifu. Kwa hiyo jamaa lichague namna moja ya kuandika, ile iliyoko kwenye karatasi yenye nguvu zaidi, na kila karatasi mpya ifuate namna hiyo herufi kwa herufi. Ofisi ya hali ya raia iulizwe itoe ushuhuda kwamba majina yale mengine ni ya mtu yuleyule. Na jambo hili lifanyike mzee akiwa hai na ana kumbukumbu. Akishazikwa, hakuna atakayeweza kueleza kwa nini kiwanja kina jina moja na kaburi lina lingine.

Hapa daftari la parokia linaweza kusaidia. Lakini tuwe waangalifu: katika makanisa yetu mengi watu hubatizwa wakiwa wamefikia akili ya kuamini, kwa hiyo mwaka wa ubatizo si mwaka wa kuzaliwa. Katibu wa parokia aandike wazi ni tarehe gani anayoishuhudia. Kumsaidia mzee kwa tarehe ya kubuni ni kumwekea mtego.

Namna ya kumwambia mzazi

Maandiko yanamjua mzee huyu. Katika Mwanzo sura ya 27 tunamwona Isaka, macho yake yamepofuka, akijaribu kujua ni mwana gani aliye mbele yake. Alisikiliza sauti, akapapasa mikono, akanusa mavazi, na bado alidanganywa na watu wa nyumba yake mwenyewe. Baraka ilipatikana, lakini ndugu walitengana miaka mingi. Tunawaambia watoto: msifanye kama Yakobo. Msifiche ufunguo na kusema umepotea. Msichukue permi mfukoni mwa baba akiwa amelala. Msimtie sahihi karatasi ambayo hamkumsomea. Mzee akigundua, atapoteza kitu kikubwa kuliko motokari: atapoteza imani kwa watoto wake, na karatasi zote zinazofuata atazikataa.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 19, yuko Barzilai, mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika aende kuishi naye Yerusalemu. Barzilai alijibu kwa utulivu kwamba masikio yake na ulimi wake havikuwa tena kama zamani, akachagua kurudi kwao, akamtuma kijana aende mahali pake. Hakuna aliyemfukuza. Alihesabu miaka yake mwenyewe na kukata neno. Mfalme akambusu na kumbariki. Tunapenda wazee wetu waache usukani kwa njia ya Barzilai: wao wenyewe wakisema neno, na jamaa likiwabariki.

Ili neno hilo liweze kutoka kinywani mwa mzee, kuna mambo ya kufanya kwanza. Mpelekeni kupimwa macho. Mtoto wa jicho unaweza kupasuliwa, na baadhi ya wazee huona tena vizuri baada ya hapo. Katika maeneo ya mito yetu kuna pia ugonjwa wa upofu wa mto, ambao nzi wadogo wa kwenye maji yanayokimbia hueneza, na dawa yake hugawanywa vijijini. Muulize pia daktari kuhusu dawa za presha au za sukari, maana nyingine zinaleta kizunguzungu au usingizi. Pengine shida itaisha kwa matibabu. Na kama haitaisha, neno la daktari litakuwa jepesi kupokelewa kuliko neno la mtoto wa mwisho.

Halafu ongeeni naye mchana, wachache, pasipo wajukuu wala majirani. Aongee kwanza mtoto ambaye baba humsikiliza, si lazima mkubwa. Anzeni na mambo yaliyoonekana: alama mpya kwenye mlango wa motokari, siku aliyopotea njia ya sokoni, usiku aliposhindwa na taa za lori. Na msije mikono mitupu. Mwelezeni atafikaje kanisani, hospitalini na kwenye mazishi ya rafiki zake: nani atampeleka, siku gani, nani atalipa pikipiki. Mzee akisikia tu anachonyang'anywa, atapigana. Akisikia pia anachopewa, atafikiri.

Bwana Yesu mwenyewe alimwambia Petro, katika Yohana sura ya 21, kwamba katika ujana alijifunga mshipi na kwenda alikotaka, lakini akizeeka mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Neno lile lilihusu namna ya kufa kwa Petro, lakini kila mzee anayekabidhi ufunguo anaonja kidogo ya uchungu wake. Tuupe uchungu huo nafasi. Mzee akinyamaza siku mbili baada ya mazungumzo, msimcheke.

Na mama je?

Mpaka hapa tumesema sana habari za baba, kwa sababu wenye permi wengi wa kizazi kile ni wanaume. Lakini tatizo kubwa zaidi limejificha jikoni. Katika nyumba nyingi permi ya baba ndiyo iliyokuwa karatasi ya nyumba nzima. Mama hakuendesha, hakuajiriwa, hakusafiri mbali. Alijulikana kama mke wa fulani. Baba akifa, permi inazikwa pamoja na makumbusho yake, na mama anasimama mbele ya ofisi ya kiwanja au ya pensheni bila karatasi yoyote yenye picha yake. Ndipo ndugu wa marehemu wasio na huruma wanapata nafasi ya kuuliza: huyu ni nani?

Yesu msalabani, katika maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, mbele ya mashahidi. Hakuacha jambo la mama likiwa hewani. Kwa hiyo siku mnayotafuta karatasi za baba, tafuteni na za mama. Safari ni ileile, mstari ni uleule. Cheti cha ndoa ya serikali ni cha lazima hapa, kwa sababu ndoa iliyobarikiwa kanisani tu au iliyolipiwa mahari tu inakuwa vigumu kuithibitisha mbele ya ofisi. Wanandoa wazee ambao hawakuandikisha ndoa yao bado wanaweza kwenda komini kuuliza, na parokia iwasindikize pasipo kuwaaibisha.

Kazi ya parokia

Hatuna mamlaka ya kutoa vitambulisho, wala tusijifanye kuwa nayo. Lakini kuna mambo ambayo parokia yoyote inaweza kufanya kwa gharama ndogo.

Mashemasi wanaotembelea wagonjwa na wazee waongeze swali moja katika ziara zao: mzee, una karatasi gani yenye picha yako, na inaisha lini? Majibu yaandikwe katika daftari linalotunzwa na mtu mmoja mwaminifu, kwa sababu habari hizi si za kutangazwa mimbarini. Vijana wa parokia wanaojua kuandika vizuri Kifaransa wasaidie kujaza fomu, bure, kama utumishi. Uandikishaji wa wachaguzi ukitangazwa tena, parokia itengeneze orodha ya wazee wasioweza kusimama, iende mapema kuzungumza na wakuu wa kituo ili wapewe nafasi ya mbele, na itafute viti na chombo cha kuwabeba. Na kila mzee apewe farde moja yenye fotokopi zake, iliyofungwa ndani ya plastiki, kwa sababu mvua zetu na panya wetu mnawajua.

Kwa wale mlio na wazazi mbali, mliokimbilia Goma, Kampala au ng'ambo, ulizeni swali hilohilo kwa simu juma hili. Mnapotuma pesa, ulizeni zitapokelewa kwa jina la nani. Mkiwa na fotokopi ya karatasi za wazazi, tunzeni moja huko mlipo.

Amri ya kuheshimu baba na mama, katika Kutoka sura ya 20, inabeba ahadi ya kukaa siku nyingi katika nchi ambayo Bwana anatupa. Wazazi wetu wamekaa siku nyingi katika nchi hii, katika njia zake mbaya na vita vyake. Si vema wamalize siku hizo wakiulizwa wao ni nani bila kuwa na la kuonyesha. Mkae nao juma hili, mfungue sanduku, mweke karatasi juu ya meza. Bwana awape hekima na uvumilivu katika ofisi, na amani nyumbani. Amina.